Namna ya Kula kwa Bei Nafuu Mjini Helsinki: Mwongozo kwa Msafiri Atokaye Dar es Salaam

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Helsinki kwa masomo, kwa mkutano au kwa kazi ya melini huondoka na mazoea mawili ambayo hapa nyumbani humfaa na kule humtia hasara. La kwanza ni kwamba akitaka samaki wa bei ya chini huelekea majini, kama tunavyoelekea Feri. La pili ni kwamba chakula cha nje kwake ni chakula cha jioni, wakati majiko ya chipsi, ya mishikaki na ya supu ya pweza yanapokolea moto kando ya barabara. Helsinki, mji mkuu wa Ufini na bandari iliyoanzishwa mwaka 1550, imeyageuza yote mawili: chakula hupanda bei kadiri kinavyoikaribia bandari, na mlo wa bei nzuri ni wa mchana, tena mchana wa mapema sana. Anayelishika hilo kabla ya kupanda ndege atarudi na sehemu ya posho yake; asiyelishika atalalamika kwamba Ulaya hakuna chakula.

Kwanza tuweke hesabu sawa. Kwa makisio ya haraka, chukulia yuro moja kuwa shilingi 3,000, ingawa kiwango hupanda na kushuka. Mlo kamili wa mchana katika mgahawa wa kawaida hugharimu kati ya yuro 12 na 15, yaani shilingi 36,000 hadi 45,000, kiasi ambacho kwa mama lishe wa Kariakoo kingelisha kundi zima la wafanyakazi. Ukiendelea kugeuza kila bei kuwa shilingi hutakula kitu, kwa hiyo linganisha bei za kule kwa kule: mlo kamili chini ya yuro 15 ni bei ya haki, na kitafunwa chini ya yuro 5 ni bei nafuu. Bei iliyoandikwa ndiyo bei ya mwisho, kwa sababu kodi imekwisha kujumlishwa na bahashishi haitarajiwi, na kupatana bei si desturi yao. Malipo karibu yote hufanywa kwa kadi, hata kwenye mahema ya sokoni. Anayelipa kwa fedha taslimu ajue kwamba sarafu za senti 1 na 2 hazitumiki Ufini, hivyo jumla hupunguzwa au kuongezwa hadi ifikie senti 5 iliyo karibu.

Pamoja na onyo nililotoa, bandarini utakwenda tu, na ni haki yako. Soko liitwalo Kauppatori liko ukingoni mwa bandari ya kusini, mbele ya Ikulu ya Rais wa Ufini, mpangilio usio mgeni kwetu, maana Ikulu ya Magogoni na soko la samaki la Feri nazo ni majirani. Tofauti ni kwamba Feri mvuvi, dalali na mkaanga samaki wanauziana wao kwa wao na wewe unapita katikati yao, ilhali Kauppatori sehemu kubwa ya mahema ya rangi ya chungwa imewekwa kwa ajili ya watu wanaoshuka kwenye meli za abiria zitokazo Uswidi, na bei imepangwa ikimtazama mgeni huyo. Vyakula viwili vinaongoza. Kimoja ni supu ya samoni, iitwayo lohikeitto, yenye viazi, krimu na majani mabichi ya kunukia. Kingine ni muikku, samaki wadogo wa maziwani ambao huviringishwa kwenye unga wa rai (nafaka inayofanana na ngano) na kukaangwa kwa siagi juu ya sufuria bapa pana kama meza, mpaka mkia ukakauka na kuvunjika mdomoni. Huliwa wazima na mifupa yao, pamoja na viazi na mchuzi mzito wa kitunguu saumu, na mtu aliyekulia dagaa wa kukaanga hahitaji kufundishwa namna ya kuwala.

Sahani ya muikku hapo huvuka yuro 10 kwa urahisi. Kwa maoni yangu inastahili fedha hiyo mara moja, hasa mkiwa wawili mnaogawana, kwa sababu si kila mgahawa wa mjini huwakaanga vizuri. Supu ya samoni ya mahemani, kwa upande mwingine, sioni sababu ya kuinunua hapo, kwani supu ileile utaikuta mitaa ya ndani ikiwa sehemu ya mlo wa mchana, pamoja na mkate, saladi na kahawa ndani ya bei hiyohiyo.

Ukinunua, kaa ndani ya hema. Hili si suala la baridi pekee. Shakwe wa Kauppatori ni ndege wakubwa wasiomwogopa mtu, na wamejifunza kazi yao vizuri: hutua juu ya nguzo, humwacha mteja apokee sahani na kutoka nje akiwa ameinua chakula usawa wa kifua, kisha huja kutoka nyuma juu ya bega na kuondoka na samaki kabla mwenyewe hajageuka. Watoto wenye aiskrimu ndio mawindo yao mepesi. Anayetaka kula nje akitazama bahari na akae chini ya mwavuli, mgongo ukiwa ukutani.

Kuna kitu kimoja cha bei nafuu kwelikweli katika soko hilo, nacho hakipikwi. Kati ya Juni na Agosti wachuuzi huuza njegere mbichi zikiwa ndani ya maganda yake, pamoja na stroberi, zikipimwa kwa lita. Muuzaji hujaza kipimo hadi juu, humimina kwenye mfuko wa karatasi, na Wafini hutembea nao wakipasua maganda kwa kidole gumba na kula njegere hizo mbichi, tamu kiasi cha kukusahaulisha kwamba hazijaungwa nazi. Lita moja huwatosha watu wawili kwa alasiri nzima. Mwanzoni mwa Oktoba, uwanja huohuo hupokea soko la samaki aina ya silakka, linalofanyika tangu mwaka 1743, ambapo wavuvi wa visiwani hufunga mashua zao ukingoni na kuuza samaki wa kusindikwa kwa chumvi na siki pamoja na mkate mweusi mtamu, huku wengi wao wakitoa vipande vya kuonja. Kuonja ni bure, ingawa inapendeza ununue angalau mkate.

Hatua chache kutoka hapo kuna jengo la soko la zamani la mwaka 1889, zuri kwa macho na gumu kwa mfuko. Badala yake panda metro kutoka kituo kikuu hadi Hakaniemi, vituo viwili tu, ambako kuna soko jingine la ndani lililofunguliwa mwaka 1914 katika eneo ambalo lilikuwa la wafanyakazi wa viwandani, na ambalo lilifunguliwa upya mwaka 2023 baada ya ukarabati wa miaka kadhaa. Supu zipo, samaki wapo, na wateja wengi ni wakazi waliokuja kununua kitoweo. Ukipanda kilima kutoka hapo unaingia mtaa wa Kallio, wenye maduka ya kebabu, ya falafeli na ya piza ambayo bei zake ni za watu wanaoishi hapo.

Huenda msomaji akauliza kwa nini mji wa bandari hauna vibanda vya chakula kila kona. Sababu si uvivu wa wapishi. Bahari yenyewe huganda wakati wa baridi, na hakuna mteja wa kusimama nje kwa starehe mwezi wa Januari. Juu ya hayo, masharti ya vibali na ya usafi wa chakula yalikuwa mazito kiasi kwamba mwezi wa Mei 2011 wakazi wa Helsinki walianzisha Ravintolapäivä, siku ambayo mtu yeyote angeweza kufungua mgahawa wake wa siku moja, iwe kwenye bustani, ngazini au dirishani mwa nyumba yake. Jambo hilo lilienea hadi nchi nyingine. Hata hivyo, mtaa wa Helsinki kwa siku ya kawaida bado si mtaa wa Sinza saa moja usiku, na anayetembea akitafuta moshi wa mishikaki atatembea sana.

Kinachopaswa kufuatwa ni saa. Neno la kulitafuta kwenye mbao zilizosimamishwa mlangoni mwa migahawa ni lounas, yaani chakula cha mchana, likifuatiwa na muda, mara nyingi 10.30–14. Kwa saa zetu hiyo ni kuanzia saa nne na nusu asubuhi hadi saa nane mchana, na mwili wako hautapata shida kuzoea, kwani tangu mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba saa za Helsinki ni sawasawa na za Dar es Salaam, na wakati wa baridi wao wako nyuma yetu kwa saa moja tu. Wafini hula mchana mapema kwa sababu wamelelewa hivyo: tangu mwaka 1948 kila mwanafunzi wa shule nchini humo hupewa chakula cha moto bila malipo, na watoto wengine huketi mezani kabla ya saa tano asubuhi. Wakiwa watu wazima, wengi wao hulipiwa na mwajiri sehemu ya gharama ya chakula cha mchana, nafuu inayotambuliwa na sheria ya kodi, ndiyo maana migahawa inayouza sahani moja kwa yuro 25 usiku hujipanga kuuza mlo kamili kwa bei ya lounas mchana. Jiko ni lilelile na mpishi ni yuleyule.

Utaratibu wake ni mwepesi. Katika migahawa mingi unalipa kwanza, kisha unachukua sinia na kujipakulia: saladi, mkate na siagi, chakula kikuu, maji au maziwa, na mwishoni kahawa, ambayo kwa kawaida imo ndani ya bei. Uliza unapolipa kama kurudia kunaruhusiwa, kwa sababu mahali pengine unaruhusiwa kurudi kwenye meza ya chakula mpaka ushibe na mahali pengine chakula kikuu hupakuliwa na mhudumu mara moja tu. Kundi kubwa la wafanyakazi wa ofisini huingia kati ya saa tano na saa sita; ukifika saa tano kasoro utapata vyote vikiwa vya moto, na ukifika saa saba na nusu utakuta trei zinakwanguliwa. Siku ya Alhamisi usishangae kukuta migahawa mingi ikitoa supu ya njegere kavu pamoja na chapati nene ya maziwa iliyookwa, kwani ndiyo desturi ya nchi nzima.

Supu hiyo inatukumbusha suala la nyama ya nguruwe, ambayo imo katika vyakula vingi vya Kifini, zikiwemo soseji na supu ya Alhamisi yenyewe. Msomaji Mwislamu na akariri maneno machache kabla ya safari: sika ni nguruwe, nauta ni ng'ombe, kana ni kuku, lammas ni kondoo, kala ni samaki, na kasvis ni chakula cha mboga. Herufi ndogo zinazofuata jina la chakula zinahusu mzio: M ina maana kwamba hakuna maziwa, L kwamba hakuna laktosi (sukari ya maziwa), na G kwamba hakuna gluteni (protini ya ngano). Hakuna herufi ya halali, hivyo muulize mhudumu. Watu wa Helsinki wengi husema Kiingereza bila taabu na hujibu swali la namna hiyo bila kushangaa. Aliyechoka na viazi atafute migahawa ya Wanepali, ambayo imejaa mjini kupita kiasi ambacho mtu angetegemea, na ambayo mchana huuza wali, mchuzi wa kuku au wa dengu, na mkate wa tanuri kwa bei ya lounas. Pilipili yao ya mchana imepunguzwa makali kwa ajili ya wenyeji, kwa hiyo omba ya ziada, au tembea na yako ya unga.

Mwanafunzi ana bahati zaidi. Aliyesajiliwa katika chuo kikuu cha huko hula katika migahawa ya wanafunzi, kama ile ya UniCafe ya Chuo Kikuu cha Helsinki, kwa karibu yuro 3 tu, kwa sababu taasisi ya hifadhi ya jamii iitwayo Kela hulipia sehemu ya mlo. Sharti ni kuonyesha kitambulisho cha mwanafunzi kila unapolipa. Mgeni asiye mwanafunzi anakaribishwa pia, ila hulipa bei kamili.

Kwa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki, safari moja ya kuelekea mashariki mwa mji inafaa kuliko wiki nzima ya kuzurura bandarini. Panda metro hadi Itäkeskus. Tiketi ya ukanda wa AB, inayogharimu zaidi kidogo ya yuro 3, inatosha. Karibu na kituo kuna Puhos, jengo la maduka la miaka ya 1960 ambalo limekuwa makazi ya biashara za Wasomali na za watu wa Mashariki ya Kati, yenye misikiti, maduka ya nyama halali na migahawa isiyo na mapambo. Hapo utapewa wali wenye viungo, nyama ya mbuzi au ya ng'ombe iliyoiva mpaka kuachana na mfupa, na ndizi mbivu pembeni, ambayo hakuna atakayekutazama ukiimenya na kuila pamoja na wali. Bei ya sahani haiko mbali na ya lounas, lakini kipimo ni kingine kabisa, na watu wawili wenye adabu wanaweza kushiba kutokana na sahani moja. Jambo la kupendeza zaidi kwetu ni kwamba hapo chakula cha moto hupatikana hata jua likishapungua, wakati ubao wa lounas mjini umekwisha kuingizwa ndani.

Kifungua kinywa na chakula cha jioni vinunue dukani. Kitafunwa cha kukijua ni karjalanpiirakka, kikate kidogo chenye umbo la mtumbwi, chenye ganda jembamba la unga wa rai na uji mzito wa wali katikati, ambacho katika maduka makubwa huuzwa kimojakimoja kwa bei inayozunguka yuro 1. Vitatu, vikipakwa siagi iliyochanganywa na yai la kuchemsha, vinakufikisha mchana. Katika maduka ya Prisma, S-market na Alepa, chakula kinachokaribia mwisho wa muda wake hubandikwa kibandiko chekundu na kupunguzwa bei kwa asilimia 30, na usiku, duka linapoelekea kufunga, punguzo hufikia asilimia 60. Samaki wa kuokwa, kuku, saladi na mikate ndivyo vinavyoisha haraka. Ipo pia programu ya simu ya Kifini iitwayo ResQ Club, ambayo migahawa huitumia kuuza chakula kilichobaki kwa bei iliyopunguzwa, nawe unapitia kukichukua kwa saa iliyopangwa.

Usinunue maji. Maji ya bomba ya Helsinki hutoka ziwa Päijänne kupitia handaki la kilomita 120 lililochimbwa ndani ya mwamba na kukamilika mwaka 1982, nayo hunywewa bila kuchemshwa, jambo ambalo mtu wa Dar es Salaam hulifanya kwa mashaka siku ya kwanza na bila kufikiri siku ya pili. Ukinunua soda, tunza chupa au kopo: kwenye bei umelipa amana, senti 15 kwa kopo na senti 20 hadi 40 kwa chupa nyingi za plastiki, na mashine iliyoko dukani hurudisha fedha hiyo kwa njia ya stakabadhi unayoipeleka kwa mlipishaji.

Ukiwa na chakula cha dukani kwenye begi, tiketi ileile ya AB inakupandisha kivuko kutoka Kauppatori hadi Suomenlinna, ngome ya baharini iliyoanza kujengwa mwaka 1748, kwa safari ya takriban dakika 15. Migahawa ya kisiwani ni ghali, lakini majani ya kukalia ni ya bure. Shakwe wako huko pia. Katika misitu na visiwa vingine vya mji kuna sehemu maalumu za kuwasha moto ambako wenyeji huchoma soseji; zitumie, ila kwanza hakikisha hakuna tahadhari ya moto wa msituni, kwa sababu wakati wa ukame kuwasha moto wa wazi hukatazwa.

Kuhusu usiku sina mengi ya kusema. Kibanda kiitwacho grilli ndicho kinachobaki wazi baa zinapofungwa, nacho huuza makkaraperunat, yaani chipsi zilizochanganywa na vipande vya soseji, na lihapiirakka, andazi la kukaanga lenye nyama ya kusaga na wali ndani, ambalo hupasuliwa na kuongezewa soseji mbili, haradali na matango ya siki. Hushibisha, lakini kwa bei yake ungekula vizuri zaidi mchana, na kwa Mwislamu karibu kila kitu hapo kina mashaka.

Angalia pia kalenda. Mwezi wa Julai Wafini wengi huwa likizoni, na migahawa kadhaa inayotegemea wafanyakazi wa ofisini hufunga kwa wiki kadhaa, kwa hiyo ubao uliouona Juni huenda usiuone tena. Sikukuu ya Juhannus, ambayo huangukia Jumamosi iliyo kati ya tarehe 20 na 26 Juni, huhamishia nusu ya mji kwenye nyumba za mashambani kuanzia Ijumaa yake, na ukitembea katikati ya Helsinki siku hiyo utadhani umekosea tarehe ya safari. Nunua chakula cha siku tatu Alhamisi, kabla ya foleni za jioni.